Kiasi cha Udongo na Ukuaji wa Mimea: Mfano wa Kewanja, Mkoa wa Mara

MALENGO YA MADA

Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa aweze:
(a) kueleza maana ya kiasi cha udongo na namna ya kukikokotoa;
(b) kufafanua jinsi kiasi cha udongo kinavyoathiri ukuaji wa mmea;
(c) kupanga jaribio la kupima athari hiyo;
(d) kutumia maarifa hayo kueleza hali ya mashamba na maeneo yaliyochimbwa madini.

1. UTANGULIZI

Shamba hupimwa kwa ekari. Anayenunua, anayekodi na anayedai fidia wote huulizwa swali moja: ni ekari ngapi? Lakini mmea hauishi kwenye upana wa ekari nzima. Huota mahali pamoja na kupeleka mizizi chini, kwa hiyo kwake kina cha udongo ni kipimo muhimu kuliko upana wa shamba. Mashamba mawili ya ekari moja moja yanaweza kutofautiana mara tatu kwa kiasi cha udongo. Tofauti hiyo haionekani siku ya kupima mipaka. Huonekana mvua inapokatika, na tena siku ya kuhesabu magunia.

Mada hii inatumia mfano wa Kewanja, kijiji kilichopo eneo la Nyamongo, wilayani Tarime. Kewanja ni miongoni mwa vijiji vinavyouzunguka Mgodi wa Dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Upande wa kusini unapita Mto Mara, ambao katika sehemu hiyo hutenganisha wilaya ya Tarime na wilaya ya Serengeti. Wakazi wengi wa eneo hili ni wakulima na wafugaji: hulima mahindi, mtama, ulezi, mihogo, maharage na viazi vitamu, na hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ni eneo lenye vilima vya mawe, mashamba yaliyobanwa na mashimo makubwa ya mgodi. Kwa sababu hiyo swali la "udongo kiasi gani unatosha?" si la darasani tu. Linahusu chakula cha kaya leo, na pia ardhi itakayorudishwa uchimbaji utakapokwisha.

2. MAANA YA KIASI CHA UDONGO

Kiasi cha udongo ni ujazo wa udongo ambao mizizi ya mmea inaweza kuufikia na kuutumia. Hupatikana kwa kuzidisha eneo na kina:

Ujazo = eneo × kina

Mfano. Ekari 1 ni takriban mita za mraba 4,000. Ikiwa udongo una kina cha sentimita 20 (mita 0.2) juu ya mwamba:

4,000 × 0.2 = mita za ujazo 800

Ikiwa kina ni sentimita 60 (mita 0.6):

4,000 × 0.6 = mita za ujazo 2,400

Ekari ni ileile, lakini udongo ni mara tatu.

Zingatia maneno "inaweza kuufikia". Udongo unaweza kuwepo lakini mizizi ikazuiwa kuufikia. Vizuizi vikuu ni vinne:

(i) Mwamba au mawe. Katika miteremko ya vilima mwamba huwa karibu na uso wa ardhi. Mawe yaliyomo ndani ya udongo nayo hupunguza kiasi: udongo wenye mawe asilimia 30 ya ujazo wake una asilimia 70 tu ya udongo wa kutumika.

(ii) Tabaka gumu. Kulima kwa plau kina kilekile kila mwaka, au kupitisha magari mazito na mifugo mingi udongo ukiwa na maji, hushindilia udongo. Mizizi ikifika hapo hugeuka na kutambaa kando.

(iii) Maji yaliyotuama. Mizizi ya mimea mingi hufa ikikosa oksijeni, hivyo udongo ulio chini ya usawa wa maji hauhesabiki.

(iv) Kemikali zenye madhara, kwa mfano asidi kali, zinazoua ncha za mizizi.

Kumbuka pia kwamba udongo mzuri si kitu kigumu kitupu. Vitabu hutoa mgawanyo huu wa wastani kwa ujazo: madini asilimia 45, mboji asilimia 5, maji asilimia 25 na hewa asilimia 25. Nusu ya udongo ni nafasi. Udongo ukishindiliwa, nafasi hizo ndizo zinazopotea.

3. JE, MMEA HULA UDONGO?

Watahiniwa wengi huandika kwamba udongo mwingi hukuza mmea kwa sababu "mmea hupata chakula kingi kutoka ardhini". Jibu hili si sahihi, na lilikwisha kupimwa zaidi ya miaka 350 iliyopita.

Jan Baptista van Helmont, mtaalamu kutoka nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alipanda mche wa mti wenye uzito wa kilo 2.3 hivi katika chombo chenye udongo mkavu wa kilo 90 hivi. Kwa miaka 5 aliumwagilia maji tu. Mwishoni mti ulikuwa na uzito wa kilo 77 hivi. Alipoukausha na kuupima udongo, ulikuwa umepungua gramu 57 tu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1648.

Van Helmont alihitimisha kwamba mti umetokana na maji peke yake. Hapo hakuwa sahihi kikamilifu, kwa sababu wakati ule usanisinuru haukuwa umejulikana. Leo tunajua kwamba sehemu kubwa ya uzito mkavu wa mmea hutokana na kabonidayoksaidi ya hewani na maji, vikiunganishwa kwa nishati ya jua. Gramu 57 zilizopungua ni ishara ya madini machache ambayo mmea huyachukua ardhini.

Basi kama mmea hauli udongo, kwa nini kiasi chake kina maana? Kwa sababu udongo ni ghala. Ndani yake huhifadhiwa maji, virutubisho na hewa kati ya mvua moja na nyingine, na ndani yake mmea hujishikiza. Ghala likiwa dogo, vitu huisha haraka hata kama ni vya ubora wa juu.

4. NJIA AMBAZO KIASI CHA UDONGO HUATHIRI UKUAJI

4.1 Maji

Hii ndiyo njia kuu katika maeneo yanayotegemea mvua. Udongo tifutifu huhifadhi takriban milimita 150 za maji yanayoweza kutumiwa na mmea katika kila mita 1 ya kina. Udongo wa kichanga huhifadhi pungufu ya hapo. Mahindi yakiwa yamekua na jua kali hutumia takriban milimita 5 za maji kwa siku. Tukichukua viwango hivyo kwa ekari 1, na kukumbuka kwamba milimita 1 ya maji kwenye mita za mraba 4,000 ni lita 4,000, tunapata jedwali hili:

| Kina cha udongo | Maji yanayohifadhiwa | Lita kwa ekari | Siku za kutosheleza |
|---|---|---|---|
| sm 20 | mm 30 | 120,000 | 6 |
| sm 60 | mm 90 | 360,000 | 18 |
| sm 100 | mm 150 | 600,000 | 30 |

Soma jedwali hili kwa makini. Mvua ikinyesha vizuri kisha ikakatika kwa wiki mbili, mahindi yaliyo kwenye udongo wa sentimita 20 hukosa maji baada ya siku 6. Yaliyo kwenye sentimita 60 hufika siku ya 14 bado yana akiba. Wakulima hawa wawili wamepata mvua ileile, wamepanda mbegu ileile na wamepalilia siku ileile. Kama mapumziko hayo ya mvua yataangukia wakati mahindi yanachanua, wa kwanza anaweza kupoteza sehemu kubwa ya mavuno, na jirani yake akavuna.

Katika hali halisi mmea huanza kuteseka kabla ya maji yote kuisha, kwa sababu maji ya mwisho hushikiliwa kwa nguvu na chembe za udongo. Kwa hiyo siku zilizo katika jedwali ni za juu kabisa.

Udongo mfupi una tatizo la pili. Mvua kubwa ikinyesha, ghala dogo hujaa mapema. Maji yanayobaki hutiririka juu ya ardhi, na yakitiririka hubeba udongo. Hivyo shamba lenye udongo mchache ndilo linaloendelea kuupoteza.

4.2 Virutubisho

Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na madini mengine humo ndani ya udongo. Sehemu kubwa ya naitrojeni imo katika mboji, na mboji nyingi imo katika tabaka la juu. Mita za ujazo 800 za udongo, kila moja ikiwa na uzito wa tani 1.3 hivi, ni tani 1,040. Ikiwa asilimia 2 ya udongo huo ni mboji, ekari hiyo ina tani 20.8 za mboji. Tabaka likipungua nusu kwa mmomonyoko, mboji hupungua kwa nusu au zaidi, kwa kuwa kinachoondoka kwanza ni udongo wa juu kabisa.

Fosforasi haisafiri mbali ndani ya udongo. Mzizi hulazimika kuifuata ilipo. Mizizi ikibanwa katika nafasi ndogo humaliza fosforasi iliyo karibu na haina pengine pa kwenda.

4.3 Hewa na nafasi ya mizizi

Mizizi hupumua. Katika chombo kidogo mizizi hujazana, na oksijeni hupungua hasa baada ya kumwagilia. Mizizi iliyobanwa pia hupeleka ishara za kikemikali kwenye majani, na ukuaji hupungua hata kama maji na mbolea vipo. Hii ndiyo sababu mbolea haiwezi kuchukua nafasi ya udongo kikamilifu.

4.4 Kujishikiza

Mmea mrefu huhitaji mizizi iliyoenea ili usianguke. Migomba na mahindi yaliyo juu ya mwamba huangushwa na upepo kirahisi kwa kuwa mizizi imetandaa juu tu.

4.5 Joto

Udongo mwingi hupata joto polepole na kupoa polepole. Udongo wa kopo dogo lililo juani hupata joto kali mchana, na joto hilo huweza kuunguza mizizi iliyogusa ukuta wa kopo.

5. MIMEA HAILINGANI KWA MAHITAJI

Mizizi ya mimea mbalimbali hufika kina tofauti. Viwango vifuatavyo vya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) ni vya mmea uliokomaa usio na kizuizi:

| Zao | Kina cha mizizi (mita) |
|---|---|
| Vitunguu | 0.3 – 0.6 |
| Kabichi | 0.5 – 0.8 |
| Maharage | 0.6 – 0.9 |
| Viazi vitamu | 1.0 – 1.5 |
| Mahindi | 1.0 – 1.7 |
| Mtama | 1.0 – 2.0 |

Kutokana na jedwali hili unaweza kueleza mambo mawili. Kwanza, mtama hustahimili ukame kwa sababu mojawapo ya kuwa na mizizi mirefu. Lakini ukipandwa kwenye sentimita 20 za udongo faida hiyo hupotea. Pili, mkulima mwenye sehemu yenye udongo mfupi anaweza kuitumia kwa mboga au majani ya malisho, na kuacha sehemu yenye kina kwa nafaka.

6. UHUSIANO KATI YA UJAZO NA UKUAJI

Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Hendrik Poorter walikusanya matokeo ya majaribio 65 yaliyofanywa kwa vyombo vya ukubwa tofauti. Waligundua kwamba, kwa wastani, kuongeza ujazo wa chombo mara mbili huongeza uzito wa mmea kwa asilimia 43. Sababu kubwa ilikuwa kushuka kwa usanisinuru katika majani ya mimea iliyobanwa.

Tukianza na mmea wenye gramu 10 katika lita 1 na kutumia wastani huo, tunapata:

| Ujazo (lita) | Uzito mkavu (gramu) | Gramu kwa lita |
|---|---|---|
| 1 | 10.0 | 10.0 |
| 2 | 14.3 | 7.2 |
| 4 | 20.4 | 5.1 |
| 8 | 29.2 | 3.7 |

Uzito unaongezeka kila hatua, lakini faida ya kila lita inapungua. Udongo umeongezwa mara nane; mmea haukuongezeka mara nane, bali karibu mara tatu. Ukichora grafu ya uzito dhidi ya ujazo utapata mkunjo unaopanda kwa kasi mwanzoni kisha kulala taratibu, si mstari ulionyooka. Mmea ukiwa na nafasi ya kutosha, kitu kingine huwa ndicho kikwazo: mwanga, maji, virutubisho au urithi wa mbegu yenyewe.

Mkunjo huu unatueleza kwamba sentimita za kwanza za udongo ndizo zenye thamani kubwa zaidi. Kuongeza sentimita 20 juu ya mwamba mtupu hubadilisha kila kitu. Kuongeza sentimita 20 juu ya mita 2 za udongo hakutaonekana.

7. KEWANJA: UDONGO UNAPOONDOLEWA NA KURUDISHWA

Katika uchimbaji wa shimo la wazi, mchimbaji huondoa kwanza mimea, kisha udongo wa juu, kisha mwamba usio na dhahabu ya kutosha. Mwamba huo hurundikwa na kuwa vilima vya mawe taka, ambayo wachimbaji wadogo wa Kanda ya Ziwa huyaita magwangala. Kilima cha namna hiyo kinaweza kuwa na eneo kubwa, lakini kiasi cha udongo wake ni karibu na sifuri. Mvua hupita katikati ya mawe na kuzama, na mbegu inayoota hapo haina ghala.

Tena baadhi ya miamba yenye dhahabu ina madini ya salfaidi. Yakikutana na hewa na maji hutoa asidi, na asidi huyeyusha metali zenye madhara. Hivyo udongo unaofunika mawe hayo una kazi mbili: kulisha mizizi maji na virutubisho, na kuiweka mbali na mawe.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 zinamtaka mwenye mgodi kupanga mapema namna ya kukarabati eneo lililochimbwa. Kwa upande wa udongo, ukarabati mzuri hufuata hatua hizi:

(i) Udongo wa juu hukwanguliwa na kutunzwa peke yake, bila kuchanganywa na udongo wa chini wala mawe.
(ii) Marundo yake huwa mafupi na hupandwa nyasi. Rundo refu lililokaa miaka mingi hukosa hewa ndani, na viumbe hai na mbegu zilizomo hufa.
(iii) Kilima cha mawe hupunguzwa mwinuko, kwa kuwa udongo uliowekwa kwenye mteremko mkali huondoka na mvua ya kwanza.
(iv) Udongo wa chini hutandazwa kwanza, wa juu hufuata, kisha mimea hupandwa mapema iwezekanavyo.

Tatizo gumu ni kugawa udongo uliopo. Chukua hesabu hii: kuna mita za ujazo 6,000 za udongo wa juu uliotunzwa. Ukitandazwa kwa kina cha sentimita 15 utafunika hekta 4. Ukitandazwa kwa sentimita 30 utafunika hekta 2. Njia ya kwanza hufanya eneo kubwa lionekane la kijani, na nyasi fupi huweza kuota kwa malisho wakati wa mvua. Njia ya pili huacha hekta 2 wazi, lakini hutoa ardhi inayoweza kulimwa mboga, na ukiongezwa udongo wa chini yenye rutuba ya wastani, hata maharage. Kwa jamii inayofuga na kulima, hakuna jibu moja lililo sahihi kwa kila mahali. Jambo la msingi ni kwamba swali liulizwe kwa kina na ujazo, si kwa hekta peke yake. Ripoti ikisema "hekta 4 zimerudishiwa udongo", msomaji aliyeelewa mada hii atauliza: wa sentimita ngapi?

Muda nao ni muhimu. Sentimita 1 ya udongo huchukua mamia ya miaka kutengenezwa na mwamba, hali ya hewa na viumbe hai. Kupotea kwake kwenye ekari 1 ni kupoteza mita za ujazo 40, zaidi ya tani 50. Binadamu anaweza kuharakisha kidogo tu.

Mfano wa kuharakisha upo Bamburi, karibu na Mombasa. Machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji yaliacha uwanja mtupu wa matumbawe. Mwaka 1971 mtaalamu René Haller alianza kupanda miti hapo. Kati ya aina 26 alizojaribu, 3 tu zilivumilia, na bora kuliko zote ilikuwa mivinje, ambayo hushirikiana na vijidudu vya mizizini kupata naitrojeni ya hewani. Majani makavu ya mivinje hayakuoza haraka, ndipo majongoo yalipoletwa kuyala. Kinyesi cha majongoo kikawa mboji, mboji ikawa tabaka la udongo, na aina nyingine za miti zikaweza kupandwa. Leo mahali hapo ni msitu unaotembelewa na watalii. Hapakuletwa udongo wa kutosha kutoka kwingine, ulijengwa hapohapo.

8. NJIA ZA KUONGEZA KIASI CHA UDONGO SHAMBANI

(i) Matuta. Mkulima hukusanya udongo wa juu wa eneo pana na kuupandisha mahali mmea ulipo. Ndiyo maana viazi vitamu na mihogo hustawi kwenye matuta hata pale udongo ulipo mfupi.

(ii) Mashimo makubwa ya kupandia. Shimo la mgomba au kahawa la sentimita 60 × 60 × 60 lina ujazo wa lita 216. Shimo la sentimita 30 × 30 × 30 lina lita 27. Kila upande umeongezwa mara mbili, lakini ujazo umeongezeka mara nane. Shimo hujazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi.

(iii) Ngoro za Wamatengo. Wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, wakulima hupanga nyasi katika miraba kwenye mteremko na kuzifunika kwa udongo uliochimbwa katikati. Mashimo hukamata maji na udongo, na nyasi zikioza huongeza mboji.

(iv) Makinga maji, miti na majani ya kufunika udongo, ili ulioko usiondoke. Kondoa, mkoani Dodoma, mmomonyoko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikahamishwa ili ardhi ipone.

(v) Kuvunja tabaka gumu. Hapa haongezwi udongo mpya. Hufunguliwa ule uliokuwepo chini.

(vi) Kuhamisha miche kwa wakati. Mche ukikaa muda mrefu kwenye kiriba, mizizi hujizungusha na kusongana. Ukihamishiwa shambani huendelea kudumaa hata penye udongo mwingi.

9. JARIBIO

Lengo: Kuchunguza athari ya kiasi cha udongo katika ukuaji wa mahindi.

Vifaa: vyombo 4 vya nusu lita, 4 vya lita 2 na 4 vya lita 8, udongo wa sehemu moja uliochekechwa, mbegu za mahindi za pakiti moja, rula, mizani.

Hatua:
1. Toboa vyombo vyote chini ili maji yatoke.
2. Changanya udongo wote pamoja, kisha jaza vyombo.
3. Panda mbegu 2 kila chombo. Zikiota, ng'oa mche mmoja ulio dhaifu.
4. Weka vyombo vyote mahali penye mwanga sawa.
5. Mwagilia kila chombo siku zilezile hadi maji yaanze kutoka chini.
6. Pima urefu na idadi ya majani kila wiki kwa wiki 6.
7. Mwishoni ng'oa mimea, osha mizizi, kausha hadi uzito usibadilike tena, kisha pima.

Matokeo yanayotarajiwa: Siku za mwanzo tofauti huwa ndogo, kwa sababu mche hutumia akiba ya mbegu na mizizi bado ni midogo. Baadaye mimea ya nusu lita hudumaa, majani ya chini hugeuka manjano na mmea hunyauka haraka kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Mizizi yake huonekana imejizungusha ukutani mwa chombo.

Tahadhari: Vyombo 4 kwa kila ukubwa vinahitajika ili tofauti ya mmea mmoja isipotoshe hitimisho.

10. MAKOSA YA MARA KWA MARA

• Kuchanganya kiasi na rutuba. Udongo mwingi wa kichanga unaweza kuwa na virutubisho vichache kuliko udongo kidogo wenye samadi. Katika jaribio, badilisha kiasi tu. Ukibadilisha na aina ya udongo hutajua kipi kimesababisha nini.
• Kumwagilia kikombe kimoja kila chombo. Chombo kidogo kitafurika na kikubwa kitabaki kikavu.
• Kuchora mstari ulionyooka kwenye grafu badala ya mkunjo.
• Kusahau kubadili sentimita kuwa mita kabla ya kuzidisha.
• Kupima urefu peke yake. Mmea unaweza kuwa mrefu na mwembamba. Uzito mkavu ni kipimo cha kuaminika zaidi.

11. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Shamba la ekari 2 mkoani Mara lina udongo wa kina cha sentimita 45, na mawe ni asilimia 20 ya ujazo. Kokotoa kiasi cha udongo wa kutumika.
2. Eleza kwa nini jaribio la Van Helmont halipingi ukweli kwamba kiasi cha udongo huathiri ukuaji.
3. Mvua imekatika kwa siku 10. Mahindi ya mkulima A (udongo tifutifu wa sm 20) yamenyauka. Ya mkulima B (sm 60) yako imara. Fafanua kwa hesabu.
4. Mgodi una mita za ujazo 9,000 za udongo wa juu. Utafunika hekta ngapi kwa kina cha (a) sm 15, (b) sm 30? Shauri kijiji kinachotaka kulima mboga.

MWONGOZO WA MAJIBU

1. 8,000 × 0.45 = mita za ujazo 3,600; asilimia 80 yake ni mita za ujazo 2,880.
2. Udongo haukupungua kwa kuwa si chakula cha mmea. Lakini ulihifadhi maji, madini na hewa, na kuushikilia mti. Uwezo huo hutegemea kiasi.
3. A: mm 30 ÷ mm 5 = siku 6, pungufu ya 10. B: mm 90 ÷ mm 5 = siku 18, zaidi ya 10.
4. (a) 9,000 ÷ 0.15 = m² 60,000 = hekta 6. (b) 9,000 ÷ 0.3 = m² 30,000 = hekta 3. Kwa mboga, sm 30 inafaa zaidi. Nyingi huhitaji kina cha sm 30 au zaidi, na sm 15 huishiwa maji mapema. Mtahiniwa apewe alama pia akipendekeza kugawa: sehemu ya mboga kwa sm 30, sehemu ya malisho kwa sm 15, mradi aonyeshe hesabu.